Kuacha keshi bila kukwama: mwongozo kamili wa kuhamia malipo ya kidijitali

Wengi wetu hatukuamua kuacha keshi, tulijikuta tu. Mshahara ukaanza kuingia kwenye akaunti, bili zikaanza kulipwa kwa simu, noti zikabaki za nauli na vitu vidogovidogo. Ukihama hivyo, bila mpango, unakuja kushtuka siku simu imepotea au mtandao umekata na mfukoni huna kitu.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kuhama huku akijua anachofanya, awe anaendesha nyumba au biashara ndogo. Katika kila hatua kuna swali moja la kujiuliza: simu hii ikizima sasa hivi, nitalipaje? Ukikosa jibu, usisonge mbele.

Hatua ya 1: Jua pesa yako iko kwa nani

Noti uliyoshika ni deni la benki kuu ya nchi, na haihitaji mtu wa katikati ili itumike. Salio la benki ni deni la benki kwako. Salio la pochi ya simu ni deni la kampuni inayoendesha huduma hiyo, ambayo kwa kawaida sheria inaitaka iweke kiasi kilekile kwenye akaunti maalumu za benki. Kwenye skrini vyote vinaonekana sawa, tarakimu tu. Tofauti inajitokeza siku mmoja wao anapoanguka.

Mwaka 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Synapse ilifilisika. Ilikuwa inakaa katikati ya benki na programu za fedha ambazo watu walikuwa wakizitumia kila siku, na wengi hawakuwahi hata kulisikia jina lake. Wateja zaidi ya 100,000 walifungiwa pesa zao, na hesabu zilipopigwa zikaonekana pungufu kwa makumi ya mamilioni ya dola. Wengi waliamini bima ya amana inawalinda. Lakini bima ile huwalipa wateja pale benki inapoanguka, na benki hazikuanguka. Kilichoanguka ni kampuni ya katikati.

Kwa hiyo orodhesha kila mahali penye pesa yako, kisha kwa kila pamoja uliza: anayeishika pesa hii amepewa leseni na nani? Salio hili lina bima, na mpaka kiasi gani? Nikitaka kulitoa lote leo, kuna kikomo? Majibu hupatikana kwenye masharti ya huduma au kwa kuwapigia wahudumu. Mimi msimamo wangu ni kwamba pochi ya simu ibebe matumizi ya wiki moja au mbili tu, na akiba ikae benki, kwenye akaunti yenye bima.

Baadhi ya benki kuu nazo zimetoa sarafu zao za kidijitali. Bahamas ilizindua Sand Dollar Oktoba 2020, na Nigeria ikafuata na eNaira Oktoba 2021. Hiyo ni pesa ya benki kuu moja kwa moja, kama noti. Kama nchi yako inayo, ijue, ila usiitegemee kwa sababu tu imetolewa na serikali. Angalia kwanza kama wale unaowalipa wanaipokea.

Hatua ya 2: Andika mwezi mmoja wa matumizi

Chukua daftari la kawaida. Kila malipo yaandike: nani kalipwa, kiasi gani, kwa njia gani, na kama anapokea njia nyingine. Mwisho wa mwezi utawaona wale wasiopokea chochote zaidi ya keshi. Hao ndio watakaoamua ubaki na keshi kiasi gani.

Hatua ya 3: Jenga njia mbili zisizotegemeana

Hapa ndipo watu wengi hukosea wakidhani wamejipanga. Mtu ana programu ya benki, pochi ya simu na kadi iliyosajiliwa ndani ya simu, akajihesabia njia tatu. Simu ikiisha chaji zote tatu zimekufa pamoja. Hiyo ni njia moja yenye majina matatu.

Malipo ya kidijitali hupita kwenye mnyororo: umeme, kifaa chako, mtandao wa simu, kampuni ya malipo, benki yako, benki ya muuzaji, kifaa cha muuzaji. Pingili moja ikikatika, hakuna malipo. Na huwa zinakatika kweli. Tarehe 1 Juni 2018 kifaa kimoja kwenye kituo cha data cha Visa kiliharibika nusunusu, kikashindwa kufanya kazi na kikashindwa kuachia kile cha akiba kichukue nafasi. Miamala zaidi ya milioni 5 ilikwama Ulaya kwa saa kadhaa. Julai 2022 mtandao wa kampuni ya Rogers ulizimika Kanada, na kwa kuwa mfumo wa malipo ya kadi za benki wa nchi hiyo, Interac, ulipitia humo, hata watu wasio wateja wa Rogers walishindwa kulipa. Tarehe 28 Aprili 2025 umeme ulikatika Hispania na Ureno karibu nchi nzima. Mashine za kadi zikafa, mashine za kutolea pesa zikafa, na mwenye sarafu mfukoni ndiye aliyenunua maji.

Kwa hiyo pangilia hivi:

Njia ya kwanza iwe ile unayoitumia kila siku, tuseme pochi ya simu. Njia ya pili itofautiane nayo kwa mambo matatu: isihitaji simu hiyohiyo, isipite kwenye kampuni hiyohiyo, na isivute pesa kutoka akaunti hiyohiyo. Kwa wengi hiyo ni kadi ya plastiki ya benki nyingine, yenye kiasi kidogo, isiyokaa mfuko mmoja na simu. Njia ya tatu ni keshi, nitaifikia.

Kama pochi yako inafanya kazi kwa menyu fupi za namba bila intaneti, jifunze menyu hizo hata kama unapendelea programu. Bando likiisha au intaneti ikisumbua, menyu huwa bado inaitika. Jifunze pia kuitumia kwenye simu ya kawaida ya vitufe, kwa sababu siku simu yako kubwa ikivunjika utahamishia laini kwenye simu yoyote utakayoazimwa.

Halafu fanya jaribio. Chagua siku moja isiyo na pilikapilika, zima simu ya kila siku asubuhi, uishi hadi jioni kwa njia ya pili peke yake. Utagundua namba ya siri ya kadi umeisahau, au kadi imeisha muda. Afadhali ugundue leo.

Hatua ya 4: Funga milango kabla ya kuingiza pesa

Laini ya simu sasa ni ufunguo wa fedha zako, ichukulie hivyo. Weka namba ya siri ya laini yenyewe, tofauti na ya kufungulia skrini, ili mwizi akiihamishia kwenye simu nyingine isiitike. Uwe makini: ukikosea mara tatu laini hujifunga na kudai namba ya kuifungulia, iitwayo PUK, na ukikosea PUK mara kumi laini inakufa kabisa. Andika PUK mahali nyumbani.

Piga *#06# na uandike namba ya utambulisho ya simu, yenye tarakimu 15. Polisi na kampuni ya simu huihitaji simu ikiibiwa. Namba ya huduma kwa wateja ya kila benki na pochi iandike kwenye karatasi pia, maana simu ikishachukuliwa, majina yote uliyohifadhi yameondoka nayo.

Namba ya siri ya pesa isifanane na ya skrini, na isiwe mwaka wako wa kuzaliwa. Alama ya kidole ni rahisi kutumia, ila kidole cha aliyelala fofofo kinafungua sawasawa na cha aliye macho. Kwa programu yenye pesa nyingi, chagua tarakimu.

Punguza vikomo. Benki nyingi hukuruhusu kupanga kiwango cha juu cha kutuma kwa siku, na karibu kila mtu huacha kile cha juu kabisa alichokikuta. Kishushe hadi kile unachohitaji. Ukitaka kulipa kitu kikubwa, utakipandisha kwa siku moja kisha utakirudisha.

Hatua ya 5: Anza na malipo yanayojirudia, na hesabu makato

Hamisha kwanza kodi, umeme, maji na ada. Kiasi kinajulikana, anayelipwa habadiliki, na unapata kumbukumbu ambayo hakuna risiti ya karatasi inayoishinda siku mtu anapodai hukulipa. Matumizi ya papo kwa papo yaje baadaye.

Makato huja kwa sura mbili. Kuna ya asilimia, na kuna ya ngazi, ambapo kila kundi la viwango lina kato lake. Kwenye ngazi, kutuma kiasi kinachozidi mpaka kidogo tu hukupandisha kato, na kugawa kiasi kikubwa mara tatu mara nyingi hukugharimu zaidi kuliko kukituma mara moja. Soma jedwali la makato, angalia mipaka iko wapi, upange kutuma kwako kuifuata. La kuepuka zaidi ni kutoa keshi, kuitumia nusu, kisha kurudisha iliyobaki na kutoa tena kesho.

Kuna gharama nyingine isiyoandikwa kwenye jedwali. Mwaka 2001 watafiti wa chuo cha MIT, Drazen Prelec na Duncan Simester, walichapisha majaribio waliyofanya kwa mnada wa tiketi za mpira wa kikapu. Walioambiwa watalipa kwa kadi walikuwa tayari kutoa pesa nyingi zaidi kuliko walioambiwa watalipa taslimu, kwa tiketi zilezile. Noti zikitoka mkononi unaziona zinapungua, salio halina uchungu huo. Dawa ni kujitengenezea uchungu wenyewe. Tenga pochi ya matumizi na akaunti ya akiba, siku moja kila wiki hamishia kwenye pochi kiasi cha wiki hiyo tu, na kikiisha kimeisha. Washa taarifa ya kila muamala na uisome.

Hatua ya 6: Jifunze utapeli kabla haujakufikia

Mwizi wa keshi lazima awe karibu nawe. Tapeli wa mtandaoni anaweza kuwa bara jingine, na silaha yake kubwa ni haraka. Mbinu ni nyingi lakini shina ni moja: anakutaka ubonyeze wewe mwenyewe.

Iangalie hii kwa karibu. Unapata ujumbe kwamba umepokea pesa kutoka kwa mtu usiyemjua. Umeandikwa vizuri, una namba ya muamala, una saa. Dakika mbili baadaye simu inaita, sauti ya mtu aliyepaniki: nimekosea namba, hiyo ni pesa ya hospitali, nirudishie tafadhali. Unataka kumsaidia. Kabla hujafanya lolote, angalia mambo mawili. Ujumbe umekuja kwenye mlolongo uleule ambao jumbe za kampuni huja siku zote, au umetoka kwenye namba ya mtu? Na salio lako, ukiliuliza mwenyewe kwenye menyu au programu, limeongezeka? Mara nyingi halijaongezeka hata senti.

Na kama limeongezeka kweli, bado usitume. Pesa hiyo inaweza kuwa imeibwa kwa mtu mwingine. Ukiituma kwa mpigaji, kisha mwenyewe akalalamika na kampuni ikaichota kutoka kwako, umelipa mara mbili. Mjibu hivi: wapigie wahudumu waurudishe muamala, mimi sitaigusa. Mkweli atakubali. Tapeli atatukana.

Namba za uthibitisho zinazokuja kwa ujumbe hazisomewi mtu yeyote, hata akijitambulisha kuwa wa benki na kukutajia majina yako matatu. Akipiga mtu wa benki, kata, kisha piga wewe kwa namba iliyo nyuma ya kadi. Ukiona simu yako imepoteza mtandao ghafla mahali ambapo wengine wanao, chukulia kwamba huenda kuna mtu amesajili upya namba yako kwenye laini nyingine. Azima simu, wapigie benki wafunge akaunti, halafu kampuni ya simu. Kwa mpangilio huohuo.

Hatua ya 7: Kama unauza

Tenganisha laini ya biashara na ya binafsi kuanzia siku ya kwanza. Zikichanganyika, mwisho wa mwezi hutajua faida ni ipi na msaada wa shangazi ni upi.

Piga hesabu ya makato dhidi ya faida, si dhidi ya bei. Kato la asilimia 2 linasikika dogo, lakini kama faida yako kwenye bidhaa ni asilimia 10, limekula moja ya tano ya faida. Kabla ya kulipitisha kwa mteja, ulizia: kuna nchi zinazokataza kumwongezea mteja bei kwa sababu ya njia aliyolipia.

Mtego mkubwa wa muuzaji ni uthibitisho wa uongo. Mnunuzi anakunyoshea simu, anaonyesha skrini ya kijani iliyoandikwa imefanikiwa, anairudisha mfukoni, na nyuma yake kuna foleni. Picha hiyo inatengenezwa kwa dakika chache. Bidhaa isitoke hadi pesa ionekane upande wako, kwenye kifaa chako, na wasaidizi wote wapewe uwezo wa kuona mapato bila uwezo wa kutuma. India vimeenea visanduku vidogo vya sauti mezani kwa wauzaji, vinavyotangaza kiasi kilichoingia, muuzaji asihitaji hata kuangalia simu.

Kama unatumia msimbo wa QR uliobandikwa, ukague kila asubuhi kwa kujilipa kiasi kidogo. Matapeli hubandika wao juu ya wako, na siku nzima wateja wakamlipa mtu mwingine.

Usikatae keshi. Zipo sehemu ambako ni kosa kisheria: jimbo la Massachusetts la Marekani limekataza maduka kubagua mnunuzi wa keshi tangu 1978, na Norwei iliimarisha haki ya kulipa taslimu kuanzia Oktoba 2024. Hata pasipo na sheria, unamfukuza mteja bila sababu.

Hatua ya 8: Bakiza keshi, kwa kipimo

Uswidi ndiyo nchi inayotajwa sana kwenye habari hizi. Katika tafiti za benki kuu yake, waliosema malipo yao ya mwisho dukani yalikuwa ya keshi walishuka kutoka asilimia 39 mwaka 2010 hadi asilimia 9 mwaka 2020. Nchi hiyohiyo sasa inawahimiza raia wake waweke keshi nyumbani kwa ajili ya dharura. Benki kuu ya Uholanzi mwaka 2025 ilitaja na kiasi: euro 70 kwa mtu mzima na 30 kwa mtoto, za kutosha saa 72.

Tumia kipimo hicho cha saa 72 kama msingi. Hesabu chakula, maji, dawa na usafiri wa watu wa nyumbani kwako kwa siku tatu. Ziwe noti ndogo na sarafu, kwa sababu siku mfumo umeanguka hakuna mwenye chenji. Ziweke mbali na vitambulisho, na kila baada ya miezi michache zitumie uweke nyingine.

Kuzizungusha hivyo ni kwa sababu noti nazo huweza kufutwa. Tarehe 8 Novemba 2016 India ilizifuta noti za rupia 500 na 1,000 usiku mmoja, ambazo thamani yake ilikuwa karibu asilimia 86 ya keshi yote iliyokuwa mikononi mwa watu. Mapema 2023 Nigeria ilipokuwa ikibadilisha noti, keshi iliadimika, watu wakakimbilia simu zote kwa mpigo, na miamala ikawa inakwama. Aliyekuwa na njia moja tu, iwe keshi au simu, aliumia vilevile.

Hatua ya 9: Watu wa nyumbani

Mzazi aliyezeeka akishindwa kuona tarakimu, kishawishi ni kuchukua namba yake ya siri na kumfanyia kila kitu. Usifanye hivyo. Siku pesa ikipotea, wewe ndiye mshukiwa wa kwanza, na yeye amepoteza usemi juu ya mali yake. Kuza maandishi ya simu, mwekee kikomo kidogo cha kutuma, na kama benki inaruhusu, omba mamlaka rasmi ya kumsaidia kwenye akaunti, yale yanayoandikwa na kusainiwa. Akitaka kubaki na keshi, mwachie.

Watoto wafundishwe kuhesabu kwa sarafu kwanza.

Hatua ya 10: Pesa ikienda kusikotakiwa

Kabla ya kuthibitisha, soma jina linalotokea, si namba peke yake. Ukishakosea, muda ndio kila kitu: piga au tumia menyu ya kurudisha muamala dakika hiyohiyo, kabla aliyepokea hajatoa. Shika namba ya muamala, kiasi, saa na namba uliyokusudia. Omba namba ya kumbukumbu ya lalamiko na uiandike. Kampuni isipojibu ndani ya muda iliojiwekea, peleka lalamiko hilo, pamoja na namba hiyo, kwa mamlaka inayoisimamia. Kwa kawaida ni benki kuu. Bila namba ya kumbukumbu utaambiwa uanze upya.

Hatua ya 11: Ukiwa haupo

Keshi iliyo kabatini familia itaiona. Salio lililo kwenye pochi ya simu hakuna atakayejua kama lipo, na laini isiyotumika kwa muda hufungwa na baadaye namba hupewa mtu mwingine. Jaza jina la mrithi au mnufaika kila mahali panaporuhusu. Andika orodha ya akaunti na pochi zako, jina la taasisi na namba ya akaunti tu, bila namba za siri, uifunge kwenye bahasha, umwonyeshe mtu mmoja ilipo. Mwambie pia asijaribu kutoa pesa kwa simu yako baada ya msiba hata kama anaijua namba ya siri. Aende na cheti cha kifo na barua za usimamizi wa mirathi, maana akitoa kinyemela warithi wengine wanaweza kumshtaki. Bahasha hiyo ifunguliwe na kusahihishwa kila unapofungua akaunti mpya au kubadilisha namba ya simu.